Soya Nzuri Huanza Katika Udongo

Mara nyingi tumewafundisha habari ya uji wa soya. Tumesema namna ya kuikaanga, kuisaga, na kuichanganya na unga wa mahindi ili watoto wetu wapate nguvu. Mafundisho hayo ni ya kweli, nasi hatuyaachi. Lakini siku moja mama mmoja alinionyesha ya kuwa fundisho letu lilikuwa nusu tu. Tulianza na sufuria, na tulipaswa kuanza na shamba.

Mama huyo alitoka katika milima ya Walungu, hapa Kivu ya Kusini. Alimleta mtoto wake wa miaka miwili. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, nywele zake zimekuwa nyekundu na laini, naye hakutaka kucheza wala kula. Ulikuwa ugonjwa ule tunaouita bwaki. Nami, kwa haraka yangu, nilimwuliza mama kwa ukali, "Mama, hukusikia mafundisho ya soya?"

Hakunijibu kwa maneno. Alifungua fundo la kitenge chake, akamimina punje chache mkononi mwangu. Zilikuwa ndogo, zenye mikunjo kama ngozi ya mzee, na nyingine zilikuwa na ukungu. Kisha akasema, "Munganga, nilisikia. Nilipanda. Hizi ndizo shamba lilizonipa. Zile nzuri kidogo niliziuza, nikanunua chumvi na sabuni. Hizi zilibaki kwa mtoto."

Nilinyamaza. Tulimweka mtoto kitandani, akapewa maziwa ya tiba na dawa, kwa maana bwaki haiponyeshwi kwa uji wa nyumbani. Tena sababu zake ni nyingi: chakula kichache, chakula cha namna moja tu, kuhara, surua, na magonjwa mengine. Sitaki mtu aseme kwamba punje mbaya za soya peke yake ndizo zilizomwangusha mtoto yule. Lakini punje zile hazikutoka katika akili yangu. Mtoto alipoanza kucheka tena, nilimwomba agronomu mmoja anayefahamu udongo wa milima yetu tufuatane kwenda kuliona shamba. Hayo tuliyoyaona huko, na aliyotueleza, ndiyo ninayowaandikia.

KILICHOMO NDANI YA PUNJE

Ukichukua kilo 100 za soya kavu iliyo nzuri, ndani yake mna kilo 36 hadi 40 hivi za protini, na kilo 20 hivi za mafuta. Protini ndicho chakula kinachojenga nyama ya mwili. Maharagi yetu ya kawaida yana kilo 22 hivi katika 100, mahindi kilo 9 hivi, na unga wa muhogo kilo 1 au 2 tu. Kwa hiyo twaona kwa nini soya inasifiwa.

Lakini protini haianguki toka mbinguni kama mvua. Mmea huijenga kwa vitu unavyovipata. Katika protini yote mna azoti, ambayo wengine huiita nitrojeni. Ukihesabu, utaona kwamba gunia moja la kilo 100 za soya linabeba karibu kilo 6 za azoti. Linabeba pia karibu kilo 2 za potasiamu, zaidi ya nusu kilo ya fosfori, na salfa kidogo. Kila gunia linalotoka shambani kwenda sokoni linaondoka na mali hizo. Kama hatuzirudishi, udongo unakuwa kama mama anyonyeshaye ambaye hapewi chakula. Kwanza yeye hukonda, kisha mtoto hukonda pia.

VINUNDU VYA MIZIZI

Tulipofika shambani, agronomu hakutazama majani. Aliomba jembe. Alichimba pande zote za shina moja, akaliinua taratibu pamoja na udongo wake, akaosha mizizi katika beseni. Hakuling'oa kwa nguvu, kwani vinundu hukatika na kubaki chini, na mtu hudhani havikuwapo.

Akatuuliza, "Mwaona nini?" Hatukuona kitu. Mizizi ilikuwa mitupu.

Basi akatueleza. Hewa tunayoivuta imejaa azoti, lakini mmea hauwezi kuitumia hivyo ilivyo. Wako vijidudu vidogo sana wanaokaa katika udongo, nao si adui. Wanaingia katika mizizi ya soya na kufanya vinundu vya duara kama mbegu za ulezi au kubwa zaidi. Humo ndani wanachukua azoti ya hewa na kuugeuzia mmea chakula. Mmea nao unawalipa kwa sukari. Jambo hili lilithibitishwa na wataalamu wawili wa Ujerumani, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, katika miaka ya 1886 hadi 1888. Shamba lenye vinundu vizuri huweza kupata nusu ya azoti yake, au zaidi, kutoka hewani bila kulipa hata franka moja.

Kisha alitupeleka katika shamba la jirani, bondeni, ambapo samadi ya ng'ombe ilikuwa imetupwa kwa miaka mingi. Akachimba shina jingine. Vinundu vilikuwako. Akapasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa chekundu. Mimi mwuguzi nilishangaa kuambiwa kwamba wekundu ule ni ndugu wa wekundu wa damu yetu, tena una chuma ndani yake kama damu. Basi shikeni alama hii: kinundu chekundu ndani kinafanya kazi. Kinundu cheupe bado hakijaanza, au hakifai. Cha kijani au cheusi kimechoka. Pimeni wakati soya inapotoa maua.

Kwa nini shamba la juu halikuwa na vinundu? Sababu ya kwanza, soya ni mgeni kwetu. Asili yake ni China, na aina nyingi za soya huwataka vijidudu wao wenyewe, ambao huenda hawamo katika udongo wetu. Wataalamu wa IITA, chuo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa Ibadan, Nigeria, mwaka wa 1967, walizalisha aina zinazoitwa TGx, ambazo hukubali kufanya urafiki na vijidudu wa udongo wa Afrika. Tena iko poda ya vijidudu inayopakwa katika mbegu siku ya kupanda. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka wa 2009, uliieneza kazi hiyo katika nchi nyingi, na Kivu ya Kusini ilikuwa mojawapo. Poda hiyo ina viumbe hai ndani yake. Ukiiacha juani au karibu na moto, umenunua vumbi tu.

FOSFORI NA UCHUNGU WA UDONGO

Sababu ya pili ilikuwa udongo wenyewe. Milima mingi ya Walungu ina udongo mwekundu wa zamani, ulioshwa na mvua kwa miaka isiyohesabika. Ni mchungu, tena chuma na alumini vilivyomo huishika fosfori kama mtu mchoyo anavyoshika fedha. Kule Kabare, mahali pengi udongo ulitoka katika volkano, una rutuba zaidi. Ndiyo maana mama wa Kabare na mama wa Walungu waweza kupanda mbegu moja, kwa siku moja, na kuvuna punje zisizofanana. Tusimwite mmoja mvivu.

Fosfori ndiyo nguvu ya kazi. Pasipo fosfori, mmea unabaki mfupi, mizizi ni michache, na vijidudu wa vinundu hawana nguvu ya kushika azoti. Kwa hiyo njaa ya fosfori huwa pia njaa ya azoti, na punje inakosa protini. Nao uchungu wa udongo huficha madini mengine yanayoitwa molibdeni. Kinundu kinahitaji kidogo sana, lakini bila hiyo hakifanyi kazi. Chokaa au majivu hupunguza uchungu na kuifungua.

Lakini fosfori nayo ina upande wa pili. Mmea ukiipata kwa wingi, huweka akiba ndani ya punje kwa ajili ya mche utakaoota. Akiba hiyo huitwa fitati. Katika tumbo la mtoto, fitati hushika chuma na zinki na kuvizuia visiingie katika damu. Je, tuache mbolea ya fosfori? Sivyo, kwa maana bila hiyo hakuna mavuno. Jambo hili linatuonya tusipite kiasi, na linatupa kazi jikoni, kama nitakavyoeleza.

WINGI WA PROTINI SI UBORA WA PROTINI

Hapo baba mmoja aliyekuwa pamoja nasi alisema, "Kama azoti ndiyo protini, basi tununue urea nyingi, mambo yaishe." Wengi wanafikiri hivyo. Agronomu alitikisa kichwa.

Kwanza, mmea ukipewa urea nyingi huwa mvivu. Haujishughulishi na vinundu, kwa kuwa chakula kimeletwa mlangoni. Utakuwa umelipa fedha kwa kitu kilichokuwa bure hewani.

La pili ni kubwa zaidi, nami naomba mlisome polepole. Protini ya soya si ya namna moja. Ziko protini mbili kubwa ambazo punje huweka akiba. Moja ina salfa ya kutosha ndani yake. Nyingine, na hasa sehemu yake moja, ina salfa kidogo sana. Salfa ndiyo ile ambayo katika Biblia yetu inaitwa kiberiti. Mwili wa mtoto unahitaji protini yenye salfa, kwani humo mna metionini, kitu ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na ambacho katika soya ni kichache tangu mwanzo.

Wataalamu wameona ya kuwa mmea wenye azoti nyingi na salfa haba huongeza ile protini duni na kupunguza ile bora. Kipimo kitaonyesha protini nyingi, na mwuzaji atafurahi, lakini mtoto hapati kwa kadiri ya hesabu. Ni kama kujenga nyumba kwa matofali mengi bila misumari ya kufungia paa. Kuta zitapanda, lakini mvua ikija mtalowa.

Salfa hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa iko katika majani yanayooza na katika samadi. Na hapa yafaa tujihukumu. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, tunachoma majani na mabua. Moto unaacha majivu yenye potasiamu, ni kweli, lakini azoti na salfa nyingi hupanda juu pamoja na moshi. Tunaziona zikienda, tena tunasema shamba limesafishwa. Mbolea za duka nazo hazilingani. Urea haina salfa, na mbolea iitwayo DAP karibu haina. Superfosfati ya kawaida inayo, na salfati ya amonia inayo. Kabla ya kununua, ombeni msomewe maandishi ya mfuko.

POTASIAMU NA ZINKI

Zile punje zenye mikunjo na ukungu zilitoa ushahidi mwingine. Potasiamu husaidia mmea kupeleka chakula kutoka majani hadi maganda. Ikipungua, kingo za majani huwa za manjano kisha hukauka, na punje huwa nyembamba, zenye mikunjo, na rahisi kushikwa na ukungu. Mvua ya wakati wa kuvuna nayo huleta ukungu, kwa hiyo soya ivunwe mara ikaukapo, isiachwe shambani.

Zinki inahitajiwa kidogo tu, lakini twaijua sana hospitalini, kwa maana watoto wenye kuhara hupewa vidonge vyake. Udongo uliochoka hauna zinki ya kutosha, na punje yake pia huikosa. Fosfori ikizidi, mmea huchukua zinki kwa shida. Majivu au chokaa vikizidi, ni vivyo hivyo. Mwaona tena: kila kitu kina kiasi chake.

MAMBO TULIYOFANYA

Mama yule na mumewe walikubali kujaribu. Waligawa shamba sehemu mbili. Upande mmoja ulilimwa kama zamani. Upande wa pili walifanya hivi:

1. Hawakuchoma majani. Waliyalaza juu ya udongo, mengine wakayazika.

2. Walinyunyiza majivu ya jikoni kwa wepesi, majuma kadhaa kabla ya kupanda. Hawakuyachanganya na samadi siku moja, kwani majivu huitoa azoti ya samadi ikapotea hewani.

3. Walitia samadi iliyooza vizuri katika mistari, konzi mbili mbili. Samadi ina kidogo cha kila kitu: fosfori, potasiamu, salfa na zinki.

4. Waliongeza superfosfati kidogo kama agronomu alivyowapimia, ndani ya mstari, bila kugusa mbegu. Urea hawakutia.

5. Walipaka mbegu poda ya vijidudu chini ya kivuli, wakazipanda siku ile ile na kuzifunika upesi.

6. Baada ya kuvuna, walirudisha mashina na maganda shambani. Msimu uliofuata walipanda mahindi mahali pale.

Soya ilipotoa maua, mama alichimba mwenyewe. Alinipelekea kinundu kilichopasuliwa katika jani la ndizi, naye akasema, "Munganga, tazama damu ya soya."

Wakati wa mavuno tulihesabu punje mia za kila upande, tukazitia katika mizani ya dawa mbele ya watu. Punje za upande mpya zilikuwa nzito zaidi, za duara, zenye ngozi laini. Hatukuwa na mashine ya kupima protini, wala sitadai tusichokipima. Lakini kipimo hiki cha punje mia kila mtu anaweza kukifanya, na shamba litamjibu. Msitazamie muujiza wa msimu mmoja. Udongo uliochoka miaka thelathini hauponi kwa miezi minne, na katika pembe moja ya shamba lile, penye mmomonyoko mwingi, soya ilibaki fupi hata kwa samadi.

KAZI INAYOBAKI JIKONI

Udongo mzuri hauondoi kazi ya mpishi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na hakuna mbolea inayokiondoa. Ni moto tu. Loweka punje usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha zichemshe vizuri, au zikaushe na kuzikaanga kabla ya kusaga. Kulowesha na kuotesha hupunguza ile fitati, hata mtoto apate chuma na zinki zaidi. Changanya unga wa soya na wa mahindi, kwa kuwa mahindi yana metionini ambayo soya inakosa, na soya ina lisini ambayo mahindi yanakosa. Kila kimoja kinafunika upungufu wa mwenzake. Tunda kidogo, kama papai au chungwa, baada ya uji, husaidia mwili kuchukua chuma.

Na mtoto akivimba miguu, au akikataa kula, asingojee uji wala mavuno. Aletwe hospitalini siku ile ile.

NENO LA MWISHO

Mtoto yule sasa anakimbia. Alipona kwa tiba, si kwa soya, nami nalisema wazi. Lakini ana mdogo wake, naye mdogo huyo hajapata kuvimba miguu. Mara ya mwisho nilipopita kwao, mama alinikaribisha, akanipa kiti, kisha akaleta vitunga viwili. "Hiki ni cha soko," alisema. Akaweka mkono wake juu ya kitunga cha pili, chenye punje za duara, nzito. "Na hiki ni cha nyumba. Siku hizi zilizo nzuri zinabaki hapa."

Basi, ninyi mlio na shamba, chukueni jembe kabla ya kuchukua sufuria. Chimbeni shina moja la soya, mwoshe mizizi yake, mpasue kinundu kimoja. Mtaona kama shamba lenu linamlisha mtoto wenu, au kama lenyewe lina njaa.